Kutoka Amani Hadi Dar: Safari kwa Waleta Habari Mbaya

Wengi wanaohudhuria kongamano la kisayansi la Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, hushuka uwanja wa ndege wakachukua teksi moja kwa moja hadi ukumbini. Mimi nilipopata nafasi ya kuhudhuria niliamua kuzunguka kwanza. Taasisi hii imeshapita miaka 45 tangu Bunge liiunde kwa Sheria Namba 23 ya mwaka 1979, na taasisi ikifikia umri huo hotuba za ilikotoka huwa nyingi. Nilitaka kupaona huko ilikotoka kabla sijasimuliwa na mtu mwenye kipaza sauti. Nikapanda basi la Tanga, nikashuka Muheza.

Muheza ni mji wa machungwa. Msimu wake ukiwadia, stendi nzima hunukia maganda, na abiria aliyekaa dirishani hujikuta amepakatishwa mfuko kabla hajauliza bei. Gari la kwenda Amani huondoka likijaa, na kujaa kwake hakuhesabiwi kwa viti. Nilibanwa kati ya gunia la chumvi na mama mmoja wa Kisambaa aliyekuwa akirudi kwake mlimani. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, kisha akanitazama kuanzia kofia hadi viatu.

"Wewe ni wa chai au wa mbu, mwanangu?"

Alipoona nimeduwaa akanifafanulia. Wageni wa huko juu ni wa aina tatu: wanaokwenda kwenye mashamba ya chai, wanaokwenda kutazama ndege na maua ya msituni, na wanaofuata mbu. Nikamwambia mimi ni wa mbu, ingawa kwa mbali. Akacheka. "Basi huna shida. Wa mbu tumewazoea. Baba yangu walimtoa damu, mimi wamenitoa damu, na wajukuu zangu wametolewa."

Sikuwa nimepata kusikia historia ya taasisi ikielezwa kwa maneno machache kiasi hicho.

Barabara inapanda kwa kona. Sigi tulipita jengo la zamani la stesheni. Wajerumani walijenga reli kutoka Tengeni hadi hapo mwanzoni mwa karne iliyopita ili wapate kushusha magogo ya Usambara. Reli iling'olewa zamani. Stesheni imebaki na sasa inapokea wageni wa hifadhi ya msitu. Kuanzia hapo matawi yanakutana juu ya barabara, hewa inapoa, na abiria waliokuwa wakijipepea wanaanza kufunga vifungo vya mashati.

Amani iko kiasi cha mita 900 juu ya usawa wa bahari, majengo yake ya kale yametawanyika kwenye vilima katikati ya msitu. Mwaka 1902 Wajerumani walianzisha hapo kituo cha utafiti wa biolojia na kilimo. Walipanda miche kutoka pande zote za nchi za joto ili wajue ni ipi italipa katika koloni lao. Mmojawapo ulikuwa mkwinini, mti ambao magome yake hutoa dawa ya malaria. Vita Kuu ya Kwanza ilipozuka na manowari za Waingereza kuifunga pwani, Amani ndiyo iliyotengeneza kwinini kwa ajili ya majeshi ya Wajerumani. Kwa hiyo mlima huu ulianza kuhusika na malaria kwa upande wa dawa, miaka mingi kabla ya kuletewa mbu.

Mbu walifika kwa sababu ya nyumba tupu. Baada ya Vita Kuu ya Pili Waingereza waliuhamishia utafiti wa kilimo Muguga, Kenya. Mwaka 1949 kilikuwa kimeanzishwa kitengo cha malaria pale Muheza chini ya Dakta Donald Bagster Wilson, na muda si mrefu kitengo hicho kikapandishwa mlimani kwenye maabara na maktaba zilizoachwa. Kikawa Taasisi ya Malaria ya Afrika Mashariki, ikitumikia nchi zote zilizokuwa chini ya Waingereza katika ukanda huu. Kazi yake moja kubwa ya miaka ya 1950 ilivuka mpaka: nyumba za Taveta, upande wa Kenya, na za Pare, upande wa Tanganyika, zilipuliziwa dawa ya dieldrin ili ijulikane kama malaria inaweza kukomeshwa kwa kumfuata mbu ukutani.

Aliyenitembeza ni mzee mmoja aliyestaafu kazi ya maabara. Alitangulia kwa hatua za mtu anayejua kila jiwe, akinionyesha ni chumba gani kilikuwa cha darubini, kipi cha panya, kipi cha mbu. Nilimuuliza ilikuwaje mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika na kituo kikabaki bila mwenyewe. Alifikiri kidogo.

"Mwanangu, mbu hajui kama Jumuiya imevunjika. Asipolishwa leo, wiki ijayo kizazi kimekatika, na kazi ya miaka imekwisha. Sisi tuliendelea kulisha."

Mbu walilishwa mpaka serikali zikajipanga. Mwaka 1979 Tanzania iliunda NIMR na Kenya ikaunda KEMRI, kila moja ikirithi vipande vya nyumba iliyogawanywa. Kwetu NIMR ilipata Amani, ikapata na kituo cha Mwanza, ambacho nacho kilikuwa kimeanza mwaka 1949 kwa utafiti wa matende. Profesa Wenceslaus Kilama, mtaalamu wa mbu, akawa Mkurugenzi Mkuu wake wa kwanza.

Kesho yake niliteremka na gari la alfajiri. Kuteremka kutoka Usambara ni kuingia kwenye malaria hatua kwa hatua. Mwaka 2003 ulichapishwa utafiti uliopima jambo hilo katika vijiji vya milima hii, kuanzia mita 300 hadi 1,650 juu ya usawa wa bahari, na ukaonyesha kwamba maambukizi kule juu yalikuwa yamepungua zaidi ya mara elfu moja yakilinganishwa na ya chini. Baridi humchelewesha mdudu wa malaria ndani ya mwili wa mbu, na mbu mara nyingi hufa kabla mdudu hajakomaa. Ndiyo maana watafiti waliolala kwenye ubaridi wa Amani walilazimika kushuka kila mara kwenda kutafuta ugonjwa ulikokuwa.

Ulikuwa Muheza. Kwenye kituo cha Ubwari, pembeni mwa mji, nilionyeshwa vizimba vya neti vyenye mbu wanaofugwa, pamba iliyolowekwa maji ya sukari ikiwa juu yake. Kijana aliyekuwa zamu alinieleza jinsi mbu walivyokuwa wakikamatwa zamani: mtu alikaa usiku kucha amekunja suruali hadi magotini, tochi mkono mmoja, mrija mkono wa pili, akimnyonya mbu ndani ya mrija pindi anapotua kabla hajauma. Mwaka 1991 watafiti waliofanya kazi eneo hili walichapisha njia isiyohitaji miguu ya mtu. Unatundika mtego wa taa kando ya kitanda chenye chandarua, mtu amelala salama ndani yake; mbu anavutwa na harufu ya mtu, anazunguka chandarua, anaishia mtegoni. Mtego wa aina hiyo nilioonyeshwa hauna makuu: taa ndogo, feni ndogo, betri na mfuko wa neti. Lakini hesabu za mbu kutoka vijiji vingi vya Afrika zimepatikana kwa njia hiyo.

Damu ilikuwa na kisa chake. Vimelea vya matende, ambavyo mbu huvipitisha, hujificha kwenye mapafu mchana na kujitokeza kwenye damu ya juu usiku, hasa kati ya saa nne usiku na saa nane. Asiyechukua damu saa hizo haoni kitu kwenye darubini. Kwa hiyo wafanyakazi wa utafiti walipiga hodi vijijini saa ambazo Mswahili wa pwani amefundishwa tangu utotoni kutomfungulia mgeni, wakiwa na taa, sindano na vioo vya darubini. Hadithi za mumiani zilikuwapo kabla yao, na nadhani hakuna kazi iliyozipa nguvu kama hii. Mfanyakazi mmoja wa zamani aliniambia kwamba ujuzi wa kwanza uliotakiwa ulikuwa kujua kuzungumza na wazee wa kijiji tangu mchana. Bila hivyo, usiku ungekimbizwa.

Uvumilivu huo ulizaa matunda. Mwaka 2000 mpango wa taifa wa kutokomeza matende na mabusha ulianzia kisiwani Mafia, kwa kugawa ivermectin na albendazole kwa watu wote, wenye dalili na wasio nazo, kisha ukasambaa wilaya kwa wilaya. Aliyeuongoza miaka hiyo ni Dakta Mwele Malecela wa NIMR. Jina hilo nitalirudia.

Lakini jambo lililonifanya nikae Muheza kuliko nilivyopanga ni kisa cha klorokwini. Kila Mtanzania wa umri wangu anaikumbuka: chungu mdomoni, na baadaye mwili kuwasha hadi unajikuna na ukuta. Tuliivumilia kwa sababu iliponya, na ilikuwa rahisi. Ikafika wakati haikuponya tena, na walioliona hilo mapema ni watu wa aina hii niliokuwa nao, katika maeneo kama haya.

Namna ya kuligundua si fumbo. Mtoto mwenye malaria anapewa dawa mbele ya muuguzi ili iwe hakika ameimeza. Anachomwa kidole siku ya kwanza, ya pili, ya tatu, kisha anafuatwa tena nyumbani kwao wiki baada ya wiki. Mama amehamia shambani, unamfuata shambani. Vimelea vikirudi, dawa imeshindwa. Zoezi hilo lilirudiwa katika vituo mbalimbali nchini mwishoni mwa miaka ya 1990, na katika baadhi yake klorokwini ilishindwa kwa zaidi ya nusu ya watoto. Taarifa ile ilikuwa mbaya kwa kila upande: kwa wizara iliyozoea dawa ya bei ndogo, kwa wenye maduka ya dawa, kwa wazazi. Hata hivyo ilipelekwa, na mwaka 2001 Serikali iliiondoa klorokwini kama dawa ya kwanza ya malaria, ikaweka dawa iitwayo SP. Wakati huohuo watafiti hawakuficha kwamba hata SP ilikuwa imeshaanza kuchoka, na Muheza ilikuwa miongoni mwa mahali ilipochoka zaidi. Kufikia mwaka 2007 nchi ilikuwa imehamia kwenye dawa ya mseto, ALu, tunayoitumia hadi leo.

Ukihesabu, ndani ya miaka kama saba watu wale walikwenda serikalini mara mbili kusema kwamba dawa ya taifa haifai tena. Sijui wizara nyingi ambazo hufurahia kuona mgeni wa namna hiyo akirudi. Ila watoto waliopona kwa sababu alirudi ni wengi kuliko mtu yeyote anavyoweza kuwahesabu.

Nikiwa na hayo kichwani nilipanda basi la Dar. Segera tulisimama abiria wale mahindi ya kuchoma, kisha safari ndefu ya kusini, mkonge pande zote mbili, baadaye Wami, Chalinze, na foleni ya kuingilia jijini. Asubuhi iliyofuata nilipita Barabara ya Barack Obama, ambayo wengi wetu bado tunaiita Ocean Road. NIMR imekuwa na ofisi zake hapo, karibu na hospitali iliyojengwa na Wajerumani mwishoni mwa karne ya 19. Robert Koch, bingwa wa kifua kikuu na kipindupindu, alikuwa Dar es Salaam mwaka 1897 na 1898 akichunguza malaria. Miaka michache baadaye alikuwa visiwa vya Sese, Uganda, akitibu malale kwa Atoxyl, dawa iliyowapofusha baadhi ya wagonjwa. Utafiti wa magonjwa katika nchi zetu umerithi na hilo, na ni sababu mojawapo ya leo kila mradi kupitia kwanza kamati ya maadili.

Ukumbini mambo yalikuwa kama yanavyokuwa: beji shingoni, mabango ya matokeo yaliyobandikwa kwenye mbao, vijana waliovaa suti mpya wakisubiri mtu awaulize swali, na foleni ya chai ambayo ndiyo hasa mahali sayansi inapozungumzwa. Hotuba za ufunguzi zilikuwa ndefu, nami sitazirudia. Wazee waliotajwa walistahili kutajwa. Ulisifiwa utafiti wa Mwanza wa nusu ya kwanza ya miaka ya 1990, uliofanywa kwa ushirikiano na AMREF na wataalamu wa London katika jamii 12, ulioonyesha kwamba kutibu vizuri magonjwa ya zinaa kwenye zahanati za kawaida kulipunguza maambukizi mapya ya VVU kwa kiasi cha asilimia 40. Ulisifiwa pia mchango wa Korogwe katika majaribio ya chanjo ya malaria ya RTS,S, ambayo Shirika la Afya Duniani liliipitisha kwa matumizi mapana mwezi Oktoba 2021. Makofi yalipigwa.

Mimi nilikwenda kwenye vikao vidogo vya mchana, ambako makofi ni machache. Huko mazungumzo yalikuwa ya Kagera. Watafiti wa NIMR, wakiongozwa na Dakta Deus Ishengoma, wamekuta katika mkoa huo, hasa Karagwe, vimelea vya malaria vyenye badiliko la kinasaba liitwalo R561H, lililokuwa limeripotiwa Rwanda mwaka 2020. Vimelea hivyo huchelewa kufa mtu anapomeza mseto. Dawa bado inaponya, ila inachukua muda zaidi kuvisafisha. Mtu aliyeishi wakati wa klorokwini anajua mlango huo unafungukia wapi. Nilimtazama mtoa mada, binti wa makamo ya mdogo wangu, akieleza grafu kwa utulivu, nikamkumbuka yule kijana wa Ubwari na mbu wake. Kazi ni ileile: kumfuata mtoto hadi nyumbani, kuchukua tone la damu, kusema kilichoonekana.

Wakati wa chai nilimuuliza mtafiti mmoja mzoefu ni nini kimebadilika zaidi tangu aanze kazi. Nilitarajia aseme mashine. Akasema, "Mashine zimekuja. Ugumu ni kusema." Hakuendelea, nami sikumlazimisha, kwa kuwa kila aliyekuwa pale alijua anachokizungumzia.

Mwezi Desemba 2016, Dakta Mwele Malecela, wakati huo Mkurugenzi Mkuu wa NIMR, alitangaza kwamba katika utafiti wa watu 533 asilimia 15.6 walionekana kuwa na maambukizi ya virusi vya Zika. Wizara ilisema hakuna ugonjwa wa Zika nchini. Mwezi huohuo, muda mfupi tu baada ya tangazo, Rais John Magufuli aliteua mtu mwingine kushika nafasi yake. Wananchi waliunganisha mambo hayo mawili wenyewe. Dakta Mwele alikwenda Shirika la Afya Duniani, akaongoza idara ya magonjwa yasiyopewa kipaumbele huko Geneva, akafariki Februari 2022. Miaka mitatu na ushei baada ya kisa cha Zika, nchi nzima ilionja jambo lilelile: mwaka 2020, baada ya kutangaza wagonjwa 509 wa UVIKO-19, Tanzania iliacha kutoa takwimu kwa zaidi ya mwaka mmoja. Januari 2025 Shirika la Afya Duniani lilitoa taarifa ya kushukiwa Marburg mkoani Kagera. Kwanza ikakanushwa, na siku chache baadaye, tarehe 20, Rais Samia Suluhu Hassan mwenyewe akathibitisha kwamba ugonjwa upo. Safari hiyo ukweli ulichelewa kwa siku tu. Hayo ni maendeleo, na yanastahili kusemwa.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Walikuwa wakimwambia mtu mmoja na familia yake, lakini taifa nalo lina mwili. Ukweli ni kwamba taasisi ya aina ya NIMR tunaigharamia kwa jambo moja kuu: ituletee habari mbaya mapema, zikiwa bado ndogo. Habari njema zina watu wengi wa kuzitangaza. Ya klorokwini ilisemwa na ikasikilizwa, tukapata mseto. Ya R561H imeshasemwa. Kilichobaki ni kuisikiliza kabla haijatoka Kagera.

Kwa hiyo ningeshauri wakati mwingine umri wa taasisi hii unapoadhimishwa, pamoja na keki na ngao, isomwe hadharani orodha ya habari mbaya ilizowahi kutoa, na mbele ya kila moja iandikwe ilichukua muda gani hadi Serikali ikafanya uamuzi. Nakala ya orodha hiyo, kwa Kiswahili cha kawaida, ibandikwe kwenye zahanati za vijiji vya Muheza, Korogwe na Karagwe, maana damu ni ya huko. Nawe msomaji, siku mtafiti akibisha hodi kwako na kuomba tone la damu ya mwanao, muulize lini atarudi na majibu. Akirudi nayo na yakawa mabaya, mkaribishe ndani kama ulivyomkaribisha mara ya kwanza.